Tufungulieni Wodi: Barua ya Wazi kwa Waganga Wafawidhi wa Hospitali za Wilaya

Ndugu Waganga Wafawidhi,

Ninaandika kutoka Tanga. Mimi na wenzangu tumetengeneza filamu fupi ya dakika kumi na saba kuhusu mama mmoja aliyefika hospitali ya wilaya usiku akiwa na uchungu, na mkunga aliyempokea. Fedha tulizotumia hazikufika shilingi milioni tatu. Kabla ya kuanza kupiga picha tulibisha hodi katika baadhi ya hospitali mnazozisimamia, tukaomba kutumia chumba kimoja kisicho na wagonjwa, Jumamosi na Jumapili tu, bila kumwelekezea kamera mgonjwa yeyote. Tulikataliwa. Mmoja wenu alisoma kurasa mbili za andiko letu, akalirudisha mezani na kusema tutamchafulia hospitali. Mwingine alituelekeza kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, huko tukapelekwa kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, na ofisini kwa Mkurugenzi tukaambiwa mwenye uamuzi ni Mganga Mfawidhi.

Basi ninabisha hodi tena, safari hii mbele ya watu.

Nianze na jambo ambalo mnastahili kushukuriwa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 63 ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya. Ule wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 81. Kwa tafiti hizohizo, vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Najua nyuma ya tarakimu hizo wako wakunga waliokesha kwa tochi umeme ulipokatika, na madaktari walioitwa saa nane usiku wakaja. Hakuna mtu wa filamu anayeweza kuwavua heshima hiyo, na mimi sina nia ya kujaribu.

Lakini mama aliyeitikia wito wenu wa kujifungulia hospitali hakuja na tumbo peke yake. Amekuja na utu wake, amevuliwa nguo mbele ya watu asiowajua, na maumivu yamemwondolea uwezo wa kujitetea. Nyumbani angekuwa na mama yake au shangazi pembeni. Kwenu ana kadi ya kliniki, mfuko wenye kanga, pamba na glavu alizoambiwa aje nazo, na mtu wa zamu. Kadiri wanawake wanavyozidi kuja, ndivyo linavyozidi kuwa kubwa swali la nini kinawapata wakishaingia leba na mlango ukafungwa.

Mkoa wetu una ushahidi wake. Watafiti waliwahoji akina mama waliojifungua katika vituo vya Korogwe na Muheza. Walipoulizwa wakiwa wanatoka kituoni, asilimia 19 walisema walitendewa vibaya kwa namna fulani: walifokewa, walidharauliwa, walipigwa, waliachwa peke yao. Baadhi ya akina mama hao walifuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye wakaulizwa upya, na hapo kiwango kikawa asilimia 28. Naomba msome tarakimu hizo mbili pamoja, kwa sababu tofauti yake inasema kitu ambacho sanduku la maoni pale getini haliwezi kuwaambia. Mama aliyetukanwa usiku atarudi na mtoto wake siku ya chanjo, na huenda akamkuta nesi yuleyule. Ukimwuliza mlangoni, atakujibu kwamba amehudumiwa vizuri. Ukimwuliza nyumbani, chai iko mezani na mtoto amelala, atakuambia.

Filamu ya kuigiza inaweza kumpa mama huyo njia ya kusema bila jina lake kuonekana popote. Katika filamu yetu, mkunga anamwambia mzazi anayelia, "Ulipokuwa unapata raha, ulinipigia kelele mimi?" Hatukuitunga kauli hiyo. Tulipolisoma andiko mbele ya wanawake, wa Makorora, wa Pongwe, hata waliotoka Lushoto, waliidaka katikati wakaimalizia wenyewe. Wengine walicheka kwa uchungu. Mmoja alinyamaza mpaka mwisho, kisha akauliza kama tunaweza kuongeza mahali ambapo mama anaambiwa apande kitandani mwenyewe huku kichwa cha mtoto kimeshatokeza. Tuliongeza.

Najua mtasema filamu zetu za Kibongo zimewazoesha watu hospitali ya aina moja: mgonjwa ametundikiwa dripu, ndugu wanalia kwenye korido, daktari anatoka akitikisa kichwa. Hospitali hiyo ni mahali pa kufia tu. Hakuna zamu wala kazi ndani yake, na hakuna anayekosea wala anayejitahidi. Sisi tulitaka hospitali yenyewe, na hapo ndipo umaskini wa bajeti yetu ulipotuuma.

Hebu niwaeleze tulivyofanya, maana sehemu hii ndiyo inayohusu ombi langu. Tulipata darasa la shule ya msingi wakati wa likizo. Tukalipaka ukuta rangi ya mafuta ya kijani hadi usawa wa kiuno, kama kuta za wodi zenu nyingi. Vitanda vilitoka katika bweni la sekondari. Fundi wa kuchomelea alituundia stendi ya dripu kwa bomba la maji. Kichanga ni mwanasesere aliyeviringishwa kanga, kwa kuwa hatukuwa tayari kumweka mtoto mchanga chini ya taa kwa ajili ya sanaa. Kilio chake tulikinasa nyumbani kwa jirani, mama mtu akiwa amembeba mwenyewe. Picha tulipiga kwa simu, na hilo halina aibu: mwaka 2015 Mmarekani Sean Baker alitoa filamu ndefu nzima, Tangerine, aliyoipiga kwa simu, ikaingia kwenye majumba ya sinema. Fedha nyingi ziliishia kwenye nauli, chakula na sauti. Sauti ndiyo hula bajeti bila mtu kuona. Mtazamaji huisamehe picha yenye kiza kidogo, lakini akikosa kusikia anachosema mama anayeugua, umempoteza.

Tulikuwa na mkunga mstaafu aliyekubali kutushauri. Siku ya kwanza aliingia darasani, akazunguka, akagusa vitanda. Kisha akauliza kiko wapi kitabu cha MTUHA, lile daftari la kuandikia taarifa za huduma. Akauliza iko wapi patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, iko wapi ndoo ya klorini, na wako wapi akina mama wengine ambao mkunga huyu anatakiwa awe nao usiku huo. Hatukuwa navyo, na waigizaji wa kujaza vitanda vyote hatukuwa na fedha za kuwalisha. Akatuambia kwamba bila hayo tuna mwanamke mkali tu. Watu watamchukia kwa dakika kumi na saba, kisha watakwenda kulala.

Maneno hayo yalibadilisha filamu. Tuliazima meza, tukashona madaftari makubwa yafanane na ya MTUHA, tukawaomba majirani walale vitandani kwa zamu. Mkunga wetu sasa anajaza daftari huku mama wa kitanda cha tatu anaita; anatafuta glavu, glavu zimekwisha; simu ya dokta haipokelewi. Lakini nisieleweke vibaya. Uchovu haumpi mtu ruhusa ya kumpiga mwenzake kofi. Wapo wakunga wanaofanya kazi katika zamu ileile, kwa ndoo ileile, na daftari lilelile, na mkono wao haujawahi kumgusa mzazi kwa hasira. Ninyi mnawajua kwa majina. Hao ndio wanaofanya kisingizio cha uchovu kisikubalike.

Mkunga mstaafu alitueleza pia kofi linatoka wapi. Alipokuwa mwanafunzi, waliomtangulia walimwambia kwamba mama akibana mapaja wakati wa kusukuma, mtoto yuko hatarini, na kofi la paja linamwokoa. Hakulisoma kitabuni. Alimwona mkubwa wake akifanya, mtoto akatoka akilia, kila mtu akafurahi. Kwa miaka mingi aliamini amekuwa akiokoa watoto kwa mkono huo. Alipokuwa akitusimulia hakujitetea, na mimi niliona kwamba hapo ndipo ilipo hadithi yetu. Kwa hiyo mhusika ninayemjali kuliko wote katika filamu si mama wala mkunga. Ni mwanafunzi wa uuguzi aliyesimama pembeni ameshika tochi. Haongei. Anaangalia, na sisi tunamwangalia akijifunza.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika Ghana, Guinea, Nigeria na Myanmar, uliwaweka waangalizi ndani ya wodi. Kati ya wanawake 2,016 walioangaliwa, zaidi ya theluthi moja walitukanwa, walipigwa au walibaguliwa. Mambo hayo yalishamiri zaidi kuanzia nusu saa kabla ya mtoto kuzaliwa hadi robo saa baada ya kuzaliwa. Walioumia zaidi walikuwa wasichana wadogo na wale wasiosoma sana. Nilipoisoma habari hiyo nilijua kwa nini hadithi hii inataka filamu fupi. Jambo lenyewe ni la muda mfupi, katika chumba kimoja, kati ya watu wawili au watatu, na ndani ya muda huo mtu anaweza kuvunjwa kwa namna ambayo ataibeba mpaka kwenye mimba inayofuata, akaamua kubaki nyumbani.

Sasa nije kwenye hofu yenu ya kuchafuliwa. Naielewa. Mnasimamia jengo, bajeti isiyotosha, na majina ya watu. Lakini picha za ndani ya hospitali zitatoka, mkitaka msitake. Mwezi Agosti 2013, katika hospitali ya Bungoma nchini Kenya, mama mmoja alikosa kitanda akajifungulia sakafuni kwenye korido, wauguzi wakampiga na kumtukana. Tukio lilirekodiwa kwa video, likaonyeshwa kwenye vyombo vya habari. Mwezi Machi 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zake zilivunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5 za Kenya na aombwe radhi. Haki ilipatikana, na video ile ilisaidia. Hata hivyo, kwa karibu miaka mitano kabla ya hukumu, mwili wa mama yule katika saa yake ya unyonge ulikuwa umeshatazamwa na nchi nzima. Kila anayeingia korido hiyo leo ana simu mfukoni, na korido zenu pia.

Kuna njia nyingine, ya kamera kuingia kwa ruhusa na kuwapiga picha wagonjwa halisi. Mwaka 1966 Frederick Wiseman aliruhusiwa kupiga picha katika hospitali ya Bridgewater, jimbo la Massachusetts, walikofungwa wagonjwa wa akili waliohusishwa na uhalifu. Filamu yake, Titicut Follies, iliwaonyesha wakivuliwa nguo, wakidhihakiwa, wakilishwa kwa mpira kupitia puani. Serikali ya jimbo ilikwenda mahakamani ikisema faragha ya wagonjwa imevunjwa. Filamu ilizuiwa, baadaye ikaruhusiwa kuonyeshwa kwa madaktari, wanasheria na watu wa fani kama hizo peke yao, na watu wote waliruhusiwa kuitazama mwaka 1991. Mimi naamini Wiseman alifanya kazi kubwa, na naamini pia kwamba wale wanaume walistahili kuulizwa wakiwa na uwezo wa kujibu. Mgonjwa wa leba naye hana uwezo huo. Karatasi ya ridhaa anayowekewa mbele katikati ya uchungu si ridhaa.

Kuigiza kunatuepusha na yote mawili. Anayelia kitandani ni mwigizaji, na nguo zake akizivua amekubali kwa akili timamu, baada ya kusoma andiko, akiwa na haki ya kusema basi. Anayepiga kofi ni mwigizaji. Hospitali haina jina. Na hata hivyo kila aliyewahi kulala kwenye kitanda kile ataitambua. Kwa hiyo mimi nashindwa kuona kwa nini mlango unafungwa kwa watu waliokuja kupitia njia ambayo haimwumizi yeyote.

Kuna jambo moja la Korogwe ambalo nadhani halijasimuliwa vya kutosha. Baada ya utafiti ule wa Tanga, wananchi, watumishi wa afya na viongozi walikaa pamoja wakatengeneza mkataba wa huduma kwa mteja, kisha watumishi wenyewe wakachagua mambo ya kurekebisha. Hayakuwa makubwa. Mahali pa kuwapokelea wazazi pakahamishiwa kwenye chumba cha faragha. Mapazia yakawekwa. Vifaa vilivyokwisha vikatangazwa wazi ili mama asidhani amefichiwa. Watumishi waliokuwa na lugha mbaya wakaitwa na kushauriwa, na walio zamu wakapatiwa chai. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: kwa kulinganisha na eneo ambalo halikufanyiwa hayo, uwezekano wa mama kutendewa vibaya ulipungua kwa asilimia 66. Yaani kumbe inawezekana, na inawezekana kwa pazia na chai, pale watu wa wodini wanapoketi na kulitazama jambo bila kukimbia.

Kulitazama, hapo ndipo filamu inapoingia. Tumeionyesha filamu yetu mitaani, kwa shuka jeupe ukutani na projekta ya kuazima. Wanawake walisema sana. Wanaume wengi walisikia kwa mara ya kwanza kilichowapata wake zao. Lakini usiku mmoja alisimama dada aliyejitambulisha kuwa ni muuguzi, akasema kwamba filamu hii tunawaonyesha watu wasioweza kubadilisha chochote, na kwamba yeye angependa iwekwe mbele ya wenzake kazini, katika kikao cha asubuhi, mganga mfawidhi akiwepo. Sijapata kusikia maneno ya haki kuliko hayo kuhusu kazi yetu.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni hilo lake. Tupeni ukumbi wenu kwa saa moja. Safari ya kwanza wawe watumishi peke yao, pamoja na wanafunzi wa uuguzi na ukunga walioko kwenu kwa mafunzo ya vitendo. Hakuna atakayerekodi mazungumzo, na sisi tutatoka nje mkitaka kuzungumza wenyewe. Mkiona inafaa, baadaye tuionyeshe na kwa akina mama wa kliniki, wenza wao wakiwepo.

Ombi la pili ni mahali pa kupigia picha. Andiko la filamu yetu inayofuata limekamilika na tumeshaomba kibali Bodi ya Filamu. Linamhusu mzee wa zaidi ya miaka sitini, asiye na uwezo, mwenye barua ya msamaha wa matibabu, ambaye asubuhi nzima anasogezwa kutoka dirisha moja hadi jingine mpaka linafungwa. Darasa halitatufaa tena, kwa sababu hadithi hii iko kwenye umbali: kutoka benchi hadi dirisha, kutoka dirisha hadi maabara, na mzee anautembea umbali huo kwa mkongojo. Umbali hauwezi kuchomelewa na fundi. Tunahitaji korido ya kweli, siku ya Jumapili, jengo la wagonjwa wa nje likiwa limefungwa.

Masharti yenu tutayatii. Mtumishi wenu awepo muda wote. Vibao vyenye jina la hospitali tutavifunika. Hatutaingia wodini, hatutapiga picha mafaili wala daftari lenye jina la mtu, na mgonjwa wa dharura akipita, kamera inazimwa. Someni andiko kabla. Palipo na kosa la kitaalamu, dawa isiyotolewa hivyo au utaratibu usiofuatwa hivyo, rekebisheni, tutashukuru. Ila msituombe tumtoe karani anayemwambia mzee kwamba barua yake ni karatasi ya kufungia maandazi, wala msiombe kofi liondolewe katika ile ya kwanza. Wazee wameyasikia maneno hayo, na akina mama wamelipata kofi hilo. Tukiyaondoa tutakuwa tumewageuza waongo.

Tunakusudia kupiga picha mwezi Desemba, kwa kuwa waigizaji wetu watatu ni walimu na shule hufunguliwa Januari. Nakala za andiko, bajeti na barua ya maombi tutazileta masijala kwa kila mmoja wenu atakayekuwa tayari kuzisoma. Hospitali moja ikikubali inatutosha kwa kupigia picha. Kwa kuonyesha filamu tutafika kokote tutakakoitwa, na projekta tutakuja nayo.

Wenu,
Mwandishi na mwongozaji wa filamu fupi,
Tanga